Jibini Arobaini Mfukoni: Uchague Gemu Ipi Kati ya Hizi Nne?

Joka limetua mbele yako. Limeachama, moto unatoka, na uhai wako umebaki kamstari kembamba. Unabonyeza kitufe, menyu inafunguka, dunia nzima inasimama: moto umeganda hewani, vumbi limeganda, joka lenyewe limetulia kama picha ya ukutani. Wewe unafungua mkoba na kuanza kula jibini. Wala si kipande, ni jibini zima la mviringo, pana kama gurudumu. Ukimaliza la kwanza unachukua la pili, unaendelea, mpaka umefikisha arobaini, na juu yake unashushia kabichi na viazi vibichi. Unafunga menyu, moto unamalizia safari yake, nawe uko mzima kama aliyeamka sasa hivi.

Hiyo ni Skyrim, gemu ya mwaka 2011, na mlo huo nimeula mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nimeukumbuka kwa sababu mdogo wangu yuko likizo na anataka gemu moja kubwa ya kuzama ndani yake. Ameniletea majina manne: Skyrim, The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017, Red Dead Redemption 2 ya 2018, na Kingdom Come: Deliverance ya 2018 vilevile. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, ipi kati ya hizi haina upuuzi?" Nilimjibu palepale kwamba zote zinao. Ila kila moja imeuweka mahali pake, na mahali hapo ndipo pa kuangalia kabla hujachagua. Upuuzi ukikaa kwenye jambo usilolijali, utacheka uendelee. Ukikaa kwenye jambo ambalo gemu yenyewe imekufundisha kulithamini, siku moja utaweka pedi chini na hutairudia.

Nimezicheza zote nne hadi mwisho, na zote nazipenda. Basi niziweke pamoja, tuanze na pale ambapo tofauti inaonekana haraka kuliko kwingine kote.

Mkoba

Skyrim inakuanzishia uwezo wa kubeba uzito wa 300, na kila kitu kimepimwa: mfupa mmoja wa joka ni 15, gamba lake ni 10. Ukiwa na 300 kamili unakimbia mbio zote. Ukiokota kitu kimoja kidogo, ukafika 301, miguu inakataa na unaanza kutembea pole kama mgonjwa. Hapo ulipo umebeba deraya nne za chuma, panga sita na mifupa ya joka zima, na hakuna hata kimoja kinachoonekana mgongoni. Kilichokuangusha ni kikombe. Upande wa pili, dhahabu haina uzito hata chembe. Unaweza kutembea na sarafu laki moja na usisikie kitu. Mishale nayo, katika gemu ya kawaida, haina uzito, kwa hiyo podo lako lina elfu mbili na bado linaonekana lilelile dogo. Ukizidiwa kabisa, unamgeukia Lydia, mwanamke aliyekula kiapo cha kukutumikia, unampa mifupa iliyobaki, na anakukumbusha kiapo hicho kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Zelda imeacha kabisa habari ya uzito. Unahesabiwa nafasi: za silaha, za pinde, za ngao. Zikijaa, unamtafuta Hestu, kiumbe mkubwa mwenye umbo la mti, unampa mbegu za Korok, vile viumbe vidogo vya msituni, anacheza ngoma yake na nafasi inaongezeka. Dunia ile ina mbegu hizo 900, na sikushauri uzikusanye zote, maana zawadi ya mwisho ni kinyesi kilichong'arishwa rangi ya dhahabu. Ninachokipenda zaidi kwenye mkoba wa Link, shujaa unayemchezesha, ni vyakula. Unapika mchuzi, unamiminwa kwenye bakuli, na bakuli hilo linaingia mfukoni likiwa na mvuke wake. Kisha unajirusha kutoka kilele cha mlima, unapinduka hewani, unapigwa na radi, unaogelea mto mzima, na ukifika ng'ambo unatoa bakuli lako halijamwagika tone.

Red Dead ndiyo inayojitahidi kuliko zote kukuonyesha mzigo. Bastola ziko kiunoni, bunduki mbili ndefu ziko begani, nyingine zimebaki kwenye tandiko la farasi. Ukiwinda paa, unamlaza nyuma ya tandiko na miguu yake inaning'inia, inatikisika kila farasi akiruka shimo. Mzoga mkubwa ni mmoja tu, huwezi kuongeza wa pili. Ukichelewa unaoza. Yote hayo ni mazuri mno, na ndiyo maana nilishtuka nilipofika kwenye begi bora kabisa, liitwalo Legend of the East. Begi hilo dogo la kuning'iniza ubavuni linabeba vitu 99 vya kila aina. Makopo 99 ya pichi, makopo 99 ya mahindi, na hivyo hivyo kwa kila kitu kingine. Mtu yuleyule aliyeambiwa paa wa pili haiwezekani anatembea na duka zima la vyakula kiunoni.

Kingdom Come inapima uzito pia, na ukizidiwa huwezi kukimbia. Lakini ina sanduku. Unaweka panga zako kwenye sanduku la chumba ulicholipia katika nyumba ya wageni moja, unasafiri hadi mji mwingine, unafungua sanduku la huko, na panga zako zimekwishatangulia kufika. Hila hii ni kongwe. Masanduku ya Resident Evil ya 1996 yalikuwa hivyohivyo.

Kama ungeniuliza ni gemu ipi yenye mkoba uliovuka mipaka yote, haipo kwenye orodha hii. Ni Minecraft. Mkoba wake una nafasi 36, na kila nafasi inabeba matofali 64, yaani jumla 2,304. Kila tofali ni mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa takribani tani 19.3, kwa hiyo kijana yule anaweza kuruka na kuogelea akiwa amebeba zaidi ya tani 44,000. Lakini mayai ya kuku yanaingia 16 tu kwenye nafasi moja. Na kitanda kinachukua nafasi nzima peke yake. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika, na nadhani najua kwa nini: Minecraft haikukuahidi uzito tangu siku ya kwanza, ilikufundisha kung'oa mti kwa ngumi na mti huo ukabaki umeelea hewani. Baada ya hapo unakubali chochote. Red Dead ilikufundisha kumhurumia farasi kwa mzigo wa paa mmoja, ndipo makopo 99 yanapouma.

Kwenye mkoba, basi, mimi nampa ushindi Zelda. Kanuni yake ni moja na haijibadilishi njiani.

Kula na kupona

Jibini za Skyrim umeshaziona. Zelda inafanana nayo: menyu inasimamisha kila kitu, unakula sahani tano, mioyo inayopima uhai wako inajaa. Tofauti ni kwamba Zelda imeweka akili yake jikoni na kwenye hali ya hewa. Dondosha yai kwenye chemchemi ya maji moto, litachemka. Dondosha nyama kwenye theluji, itaganda, na nyama hiyo iliyoganda ukiila jangwani inakupoza. Beba mishale ya mabomu karibu na Death Mountain, mlima wa moto, italipuka yenyewe kwa joto ukiitoa. Radi ikianza, chuma kilichoko mwilini kinatoa cheche na una sekunde chache za kukivua, au ukipenda umtupie adui panga lako radi imfuate yeye. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilisimama kabisa. Nilikuwa nimelifikiria jambo kwa akili ya kawaida, na gemu ikakubali kwamba akili ya kawaida ni sahihi.

Kisha panga la chuma likavunjika baada ya mapambano mawili. Hilo ndilo jiwe la kujikwaa la Zelda. Silaha zote zinavunjika, za mbao na za chuma, na haraka mno, kana kwamba wahunzi wote wa Hyrule, nchi ya gemu hiyo, walikubaliana kutumia vioo. Hata Master Sword, upanga mtakatifu wa hadithi nzima, unaishiwa nguvu na inabidi uungoje dakika kumi. Wapo wanaolichukia hilo kiasi cha kuacha gemu. Mimi nililizoea, lakini lijue mapema.

Katika Red Dead unakula kwa macho: Arthur, jambazi unayemchezesha, anatoa kopo, anakula, anatupa. Asipokula anakonda, akizidisha ananenepa, ndevu zinakua kwa siku zake. Halafu anapigwa risasi nne kifuani, anajificha nyuma ya pipa, anakula maharagwe, na anatoka mzima. Kwa kuwa kila tendo linaonyeshwa kwa ukaribu, muujiza huo unaonekana kwa ukaribu pia. Skyrim ilificha jibini zake ndani ya menyu, na kuficha huko kuliisaidia.

Kingdom Come ndiyo yenye nidhamu. Chakula kinaondoa njaa, usingizi unaponya, jeraha linalovuja damu linataka bandeji, na dawa ya maua unaipika mwenyewe huku ukigeuza kishisha cha mchanga kupima muda wa kuchemsha. Chakula kinaoza. Ukishiba kupita kiasi unakuwa mzito. Upuuzi wake uko kwenye vyungu: karibu kila kijiji kina chungu kinachochemka, na Henry, kijana unayemchezesha, anaweza kuchota bure siku zote, kwa mtu yeyote, akiwa na matope mpaka masikioni. Kijana anayehangaika na mkate unaooza mfukoni anajikuta hana haja ya mkate.

Sheria

Hapa ndipo nilipocheka kuliko popote, na hapa ndipo tofauti ya gemu hizi inapokuwa kubwa.

Chukua ndoo Skyrim. Ingia dukani, salimia, kisha inua ndoo na umvike muuzaji kichwani taratibu. Hatasema kitu. Atabaki amesimama na ndoo yake, na kwa kuwa haoni, unaweza kubeba duka lote mbele yake. Nenda pangoni, mpige jambazi mshale wa kichwa kutoka gizani. Asipokufa atachomoa upanga, atazunguka akitafuta, baada ya muda mfupi atajituliza kwamba hakuna kitu, na atarudi kukaa, mshale bado umesimama kwenye paji la uso. Lakini ole wako umguse kuku wa Riverwood. Kijiji kizima kitakutokea na mashoka, yule bibi kizee akiwemo. Nchi ina majimbo 9 na kila moja lina daftari lake la makosa, kwa hiyo muuaji wa Whiterun ni raia mwema ng'ambo ya mpaka. Mauaji ni sarafu 1,000. Ukilipa, mlinzi anakwenda zake.

Kwa nini hili halinikeri? Kwa sababu ni lilelile kwa kila mtu. Ndoo inafanya kazi kwa muuza dawa na inafanya kazi kwa mhunzi. Dunia ile ina kanuni kwamba jicho lisiloona halishuhudii, na ukishaijua unaitumia kama fundi anavyotumia chombo chake. Nimeiba vitu vingi Skyrim kwa ndoo, na kila mara nilijihisi mwerevu.

Red Dead inafanya kazi kwa mashahidi. Ukifanya kosa, aliyekuona anakimbia kumtafuta askari, na unaweza kumkimbilia, ukamtisha, akanyamaza. Ni wazo zuri sana. Kasoro ni kwamba mashahidi hutokea mahali ambapo ungeapa hapana mtu, kando ya mto, katikati ya pori, saa nane za usiku. Na baada ya kuwindwa jimbo zima na dau juu ya kichwa chako, unapanda farasi hadi posta au stesheni ya treni, unasimama dirishani kwa adabu, na unalipa dau hilo kwa karani. Mwaka ni 1899, karani anapokea pesa, mambo yamekwisha. Nilisimama pale nikiwa na vumbi la watu niliopigana nao, na mkononi mwa karani hamkutetemeka hata kidole.

Kwa Kingdom Come, tuko Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo, mwaka 1403, na sheria ina meno. Ukitembea mjini usiku bila mwenge, walinzi wanakuuliza. Ukinuka damu, watu wanakuogopa, na wakubwa wanakudharau. Unajisafisha uso na mikono kwenye birika la maji na hali inaboreka kidogo. Ukifungwa, siku zinapita na nguvu zinapungua. Tatizo ni kitu cha wizi. Kinabeba alama isiyoonekana, na mlinzi akikupekua anakitambua hata kama ni kitu kisicho na tofauti yoyote na vingine elfu vya aina yake. Baada ya muda alama inafifia na kitu kinakuwa chako halali. Nililisamehe, kwa sababu gemu isiyoadhibu wizi ingeharibu kila kitu kingine walichokijenga.

Zelda haina polisi wa kusema. Unaingia nyumba ya mtu, unavunja vyungu vyake, na anakusimulia habari za mavuno. Pahali pamoja tu pana sheria kali: mji wa Gerudo hauruhusu wanaume. Link anarushwa nje mlangoni, anakwenda kutafuta nguo za kike na kitambaa cha uso, anarudi kwa mlango uleule, kwa walinzi walewale, na wanamkaribisha. Akivua kipande kimoja ndani, wanamtoa tena.

Farasi, kwa ufupi

Wa Skyrim anapanda ukuta wa mlima kama mjusi. Wa Kingdom Come ukimpigia mluzi anatokea nyuma yako hata kama ulimwacha mji mwingine. Wa Zelda akiwa mbali hasikii, na huo ni uungwana, lakini akifa kuna mungu wa farasi anayemrudisha. Wa Red Dead anataka kupigwa brashi, kulishwa, kutulizwa akiona nyoka, na akifa usipokuwa na dawa ya kumwamsha, amekufa. Unafungua tandiko, unalibeba begani, unatembea kwa miguu. Niliwahi kumpoteza mmoja kwa kukimbiza treni bila sababu ya maana, na matembezi yale na tandiko begani nayakumbuka kuliko misheni nyingi. Kama unapenda wanyama, hapa hakuna shindano.

Haraka isiyo na haraka

Gemu kubwa karibu zote zina tatizo hili, na ni la ndani zaidi kuliko mikoba. Hadithi inakwambia dunia inaisha kesho. Gemu inakwambia pumzika, vua samaki.

Skyrim: Alduin, joka mla-dunia, amerudi. Unaweza kumwacha miaka. Nunua nyumba, oa, uwe kiongozi wa mashujaa wa Whiterun, mkuu wa wezi na kinara wa wauaji wa siri kwa wakati mmoja, na juu yake uwe mkuu wa chuo cha wachawi cha Winterhold huku uchawi unaoujua ni wa kuhesabu kwa vidole. Siku nzima ya huko ni dakika 72 za saa yako, kwa hiyo miezi inapita upesi. Alduin anakusubiri.

Zelda ina jibu bora kuliko nilivyotarajia. Binti mfalme ameshamzuia Ganon, adui mkuu, ndani ya ngome kwa miaka 100 wakati Link amelala. Mtu aliyeshikilia miaka 100 anaweza kushikilia wiki mbili zaidi wakati unatafuta uyoga. Halafu ngome iko pale, inaonekana kutoka karibu kila kilima, na ukitaka unaweza kuiendea tangu saa za mwanzo, ukiwa na nguo ya ndani na kifuniko cha chungu kama ngao. Haikufungii mlango ili ikutengenezee haraka ya uongo. Nadhani ndiyo sababu kuzurura Hyrule hakukunipa hatia.

Red Dead inaumia hapa vibaya. Hadithi nzima inasukumwa na pesa: kundi la majambazi la Arthur, linaloongozwa na Dutch, linahitaji kiasi fulani ili litoroke, na kila sura Dutch anasema bado, kazi moja zaidi. Wakati huo Arthur ana maelfu ya dola mfukoni, aliyoyapata kwa kuuza ngozi na dhahabu. Anaweka mchango kwenye sanduku la kambi, kiasi ambacho kingenunua shamba, na kesho yake Dutch anasimama mbele ya watu wake akisema hatuna kitu. Nilitamani kitufe cha kumwambia aangalie sanduku. Hili halinichekeshi hata kidogo, kwa sababu hadithi ile ni nzuri, waigizaji wake ni wazuri, na shimo limechimbwa katikati yake.

Kingdom Come peke yake ndiyo inayothubutu. Baadhi ya mambo hayakungoji. Kuna kijiji kiitwacho Merhojed kilichopatwa na ugonjwa, na ukiondoka kwenda kuchuma maua na kucheza kamari, ukirudi utakuta wagonjwa wamekufa. Hakuna anayekupigia kelele. Watu wamekufa tu, na ni wewe uliyechelewa. Na kwa jumla Henry ndiye mhusika mkweli kuliko wote wanne: ni mtoto wa mhunzi asiyejua kusoma. Ukifungua kitabu mwanzoni, herufi zimevurugika kwenye skrini, huelewi kitu, mpaka umtafute mwandishi akufundishe. Polepole maneno yanaanza kukaa sawa. Sijaona gemu nyingine iliyofanya kutojua kusoma kuwe jambo unalolihisi mwenyewe.

Lakini kuhifadhi mchezo ulipo kunataka unywe pombe. Ni chupa maalumu, Saviour Schnapps, ya kununua au ya kuchemsha mwenyewe, na ukinywa mara kadhaa mfululizo kwa uoga Henry analewa. Bila chupa unategemea kitanda chako, hatua fulani za hadithi, au kuhifadhi kwa kutoka kabisa kwenye gemu. Gemu iliyojali ukweli kiasi cha kuozesha mkate imeweka kumbukumbu ya dunia ndani ya pombe. Ni wazo la kishupavu na linakufanya uogope kila upanga uliochomolewa, ila kama huna subira ya kurudia sehemu ndefu kila unapokufa, litakutesa.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Mtu mwenye nusu saa leo na nusu saa kesho asianze na Kingdom Come. Achukue Skyrim, inayopatikana karibu kwenye kila mashine, ahifadhi anapotaka, ale jibini zake. Na anayeipenda Skyrim lakini jibini zinamkera ajue kuna hali ya kuishi kwa taabu, Survival Mode, iliyoongezwa mwaka 2017: njaa, baridi na uchovu vinaingia, mishale inapewa uzito, safari ya kuruka ramani inaondolewa, na vidonda haviponi vyenyewe. Ni gemu tofauti kabisa, na mimi naipenda kuliko ile ya kwanza.

Mtu anayependa kuuliza "je, nikifanya hivi?" achukue Zelda, mradi ana mashine ya Nintendo, maana haipo kwingine. Itamjibu ndiyo mara nyingi kuliko hizo tatu zikijumlishwa. Aikubali tu ile habari ya panga.

Mtu wa hadithi na wa farasi, mwenye subira ya kuangalia droo ikifunguliwa polepole, achukue Red Dead. Namwomba jambo moja: asikusanye pesa. Auze kidogo, anunue kofia na risasi, begi la makopo 99 aliache. Arthur maskini anafanana na hadithi anayoiishi, na maneno ya Dutch yatabaki na uzito wake mpaka mwisho.

Na mtu anayetaka dunia isiyomngoja, achukue Kingdom Come, akijua kwamba saa kumi za kwanza atapigwa na kila mlevi wa kijijini. Mwendelezo wake ulitoka Februari 2025, lakini ningeanza na hii, maana kule Henry anaanza akiwa ameshajua mambo ambayo hapa unajifunza naye.

Mdogo wangu alisikiliza yote haya, akaniuliza tena habari ya ndoo. Nilimwonyesha. Muuzaji alivishwa, duka likabebwa, na yeye akawa ameshika pedi akitafuta ndoo ya pili kwa ajili ya mke wa muuzaji. Ameanza na Skyrim.